Kiapo cha Askari Humfunga Nani?

Siku moja, tulipokuwa tukifundisha mnyambuliko wa vitenzi katika kidato cha tatu, tuliandika ubaoni kitenzi "apa", tukawataka wanafunzi wakinyambue. Walianza vizuri: apia, apiwa, apisha, apishwa, apiza. Tulipokuwa tukieleza tofauti baina ya kumwapisha mtu na kumwapiza, kijana mmoja alisimama akaomba kuuliza. Alisema kwamba marehemu babu yake alikuwa askari. Mzee huyo aliapa mara ya kwanza kumtumikia Malkia wa Uingereza; akaapa mara ya pili kuitumikia Uganda huru; na mara ya tatu aliapishwa baada ya mapinduzi ya mwaka 1971. "Je, mwalimu," akauliza, "babu alikuwa mwaminifu mara tatu, au alikuwa msaliti mara mbili?"

Darasa likacheka. Sisi hatukucheka, wala hatukuwa na jibu. Kengele ililia, tukafuta ubao, tukaondoka; lakini swali lilitufuata hadi nyumbani. Makala haya ni jaribio la kumjibu kijana yule, na kuwashirikisha walimu wenzetu katika jambo ambalo, kwa maoni yetu, haliwahusu wanajeshi peke yao.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yetu. Kiswahili hakisemi tu kwamba mtu anaapa. Husema pia kwamba anakula kiapo, au anakula yamini. Hapo zamani kiapo hakikuwa maneno matupu. Neno hilohilo lilitumika kwa jaribio alilopewa mshitakiwa ili ukweli ujulikane: alilishwa kitu, au alishikishwa chuma cha moto, na iliaminika kwamba mwenye hatia angedhurika na asiye na hatia angesalimika. Kiapo cha namna hiyo huingia mwilini na kukaa humo, kikimngoja atakayekivunja. Kwa hiyo mtu aliyekula kiapo hawezi kusema kwamba alitoa sauti tu; amejiweka rehani yeye mwenyewe.

Lakini lugha yetu inatukumbusha jambo la pili. Kitenzi "kula" kina mwenzake, "kulishwa". Yuko anayekula kiapo kwa hiari yake, akijua anachokula. Na yuko anayelishwa, kwa njaa, kwa hofu, au kwa kutojua. Wote wawili hutamka maneno yaleyale katika gwaride lilelile, na mtazamaji hawezi kuwatofautisha. Siku ya mtihani ndiyo huwatofautisha.

Tena, kila kiapo kina watu watatu. Yuko mwapaji, yaani anayetamka. Yuko mwapishaji, yaani anayesimamia utamkaji huo. Na yuko yule anayepewa ahadi; huyo tumwite mwapiwa, ingawa neno hilo halijazoeleka vitabuni. Shahidi mahakamani huapishwa na karani, lakini hakuna anayedhani kwamba shahidi amekuwa mtu wa karani. Katika jeshi mambo hayawi wazi hivyo. Mwapishaji amevaa nishani, amesimama mbele ya kikosi, ana uwezo wa kupandisha cheo na kutia kifungoni. Mwapiwa haonekani: mfalme yuko ng'ambo, taifa halina uso, katiba ni kitabu kilichofungiwa kabatini. Ni rahisi sana, basi, askari kudhani kwamba aliyemwapisha ndiye aliyemwapia. Tunaona kwamba historia ya jeshi katika nchi yetu ya Uganda, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kosa hilo.

Mizizi ya jeshi hilo iko kaskazini. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard, aliyekuwa akiitumikia kampuni ya Kiingereza iliyotawala biashara na siasa za Afrika ya Mashariki wakati huo, alisafiri hadi karibu na Ziwa Albert kutafuta askari. Huko aliwakuta askari wa Kisudani waliowahi kuwa chini ya Emin Pasha, liwali wa serikali ya Misri katika jimbo la Ikweta. Mji wa Khartoum ulikuwa umetekwa na wafuasi wa Mahdi mwaka 1885, na njia zikakatika. Emin mwenyewe alikwisha ondoka pamoja na Stanley mwaka 1889. Waliobaki walibaki na mkubwa wao, Selim Bey, bila mshahara na bila msaada wowote kutoka Misri. Lugard aliwataka waingie katika utumishi mpya. Selim Bey hakukubali mara moja. Alisema kwamba yeye ni mtu wa Khedive wa Misri, na hawezi kwenda chini ya bendera nyingine pasipo idhini ya Khedive. Ilibidi wapatane kwanza kwamba idhini hiyo itaombwa.

Tumtazame vizuri mzee huyu. Serikali aliyoiapia ilikuwa imemwacha porini, naye bado alijiona amefungwa nayo. Ikiwa uaminifu ni kushika neno hata pasipo faida, basi ni vigumu kumpata aliye mwaminifu kumshinda. Na malipo yake yalikuwa nini? Mwaka 1893, wakati wa ugomvi baina ya Waislamu wa Buganda na wakubwa wa Kizungu, Selim Bey alishitakiwa kuwa mwasi, akakamatwa, akapelekwa pwani, akafa njiani. Mtu aliyekataa kubadili bendera bila ruhusa alikufa akiitwa mhaini.

Hata hivyo haifai tumlilie kwa jicho moja. Askari hao hao waliomkumbuka Khedive kwa heshima waliishi kwa kuwanyang'anya wenyeji nafaka na mifugo, na walipowekwa katika ngome za Toro waliendelea kupora. Katika kiapo chao mwenyeji hakuwamo. Hapa tunakutana na fumbo la kwanza: yawezekana askari akawa mwaminifu kabisa kwa aliyemwapia, na papo hapo akawa balaa kwa watu anaoishi kati yao. Uaminifu peke yake, basi, hautoshi kuwa wema. Hatuna budi kuuliza, mwaminifu kwa nani?

Fumbo la pili lilifumbuliwa kwa damu mwaka 1897. Wasudani hao walikuwa sasa ndio uti wa mgongo wa jeshi la Waingereza katika Uganda. Mishahara yao ilikuwa haba, mara nyingi ilichelewa, na ililipwa kwa vitambaa. Walipelekwa vita baada ya vita, safari baada ya safari. Walipoamriwa kufuata msafara mwingine mrefu chini ya Meja Macdonald, wakiwaacha wake na watoto nyuma, wengi walikataa. Maasi yalianza Septemba huko Eldama Ravine, na waasi wakashika ngome ya Luba katika Busoga. Meja Thruston, aliyewajua na kuzungumza nao Kiarabu, alikwenda ngomeni akiamini kwamba watamsikiliza. Walimkamata pamoja na Wazungu wenzake wawili, wakawapiga risasi. Ilihitajiwa vikosi kutoka India kuwashinda.

Mauaji ya mateka hatuwezi kuyatetea. Lakini Thruston aliamini kwamba kiapo ni kamba yenye ncha moja, iliyofungwa shingoni mwa askari peke yake. Kumbe kamba ina ncha mbili. Anayepokea kiapo naye amefungwa: kulipa alichoahidi, kusema ukweli kuhusu safari, kutomtumia mtu kama kwamba hana nyumba wala jamaa. Wahenga walisema ahadi ni deni. Nao hawakusema kwamba ni deni la mnyonge tu. Mwapiwa anayekula deni lake hana uso wa kumdai mwapaji.

Mwaka 1902 vikosi vya Waingereza katika sehemu hizi viliunganishwa kuwa jeshi moja, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Jina lake rasmi lilimtaja mwenye mali waziwazi: lilikuwa jeshi la Waafrika, lakini la Mfalme. Aliyeandikishwa aliapa kumtumikia kwa uaminifu Mfalme ambaye hakupata kumwona. Vijana wa Acholi, Lango, Nile ya Magharibi na kwingineko walikwenda vitani hadi Burma chini ya kiapo hicho. Wengi walipigana kwa ushujaa usio na shaka. Lakini tukiuliza kwa nini walijiunga, mara nyingi jibu ni kodi, mahari, na njaa. Mtumikie kafiri upate mradi wako, ndivyo asemavyo Mswahili. Huo ni mkataba wa kazi, na hauna aibu. Aibu huanza pale mkataba wa kazi unapopewa jina la uzalendo.

Ndipo ikaja tarehe 9 Oktoba 1962. Bendera ilibadilishwa usiku mmoja. Jeshi halikuweza kubadilishwa usiku mmoja. Kikosi cha nne cha Keya kilipewa jina jipya, lakini maofisa wa juu walibaki Waingereza, kambi zikabaki zilezile, na amri zikabaki zilezile. Januari 1964 maasi yalilipuka kwa mfuatano: tarehe 20 katika kambi ya Colito karibu na Dar es Salaam, tarehe 23 Jinja, tarehe 24 Lanet katika Kenya. Madai yalikuwa karibu mamoja: mishahara bora, na maofisa Waafrika. Serikali zote tatu, zilizokuwa changa, zililazimika kuomba askari wa Kiingereza warudi kuzima moto. Fedheha hiyo haikuwa ndogo.

Tanganyika ilivunja jeshi lake lote na kuanza upya. Tarehe 1 Septemba 1964 liliundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likianzia kwa vijana wa TANU. Uganda ilifuata njia nyingine. Waziri aliyekwenda Jinja kuzungumza na waasi alizuiwa nao, akakubali nyongeza ya mishahara. Na ijapokuwa baadhi yao walifukuzwa baadaye, nyongeza ilibaki. Hatusemi kwamba askari hakustahili mshahara mzuri. Tunasema kwamba siku ile alifundishwa somo baya, kwamba bunduki ni ulimi, na kwamba serikali huusikia ulimi huo upesi kuliko mwingine wowote. Mwalimu yeyote anajua kwamba somo la siku ya kwanza ndilo linalokaa kichwani.

Wala tusidhani kwamba jirani alipata jibu lisilo na kasoro. Jeshi lililozaliwa ndani ya chama lilikuwa na uso wa kumtazama, nalo lilifundishwa kumheshimu mkulima. Hiyo ni faida kubwa. Lakini chama si taifa. Mfumo wa vyama vingi uliporudi Tanzania mwaka 1992, ilibidi wanajeshi watengwe na uanachama waliokuwa wamelelewa ndani yake. Mwapiwa alikuwa amekaribia kuwa wananchi, ila alikuwa bado sehemu yao tu.

Kwetu mtihani ulikuja mapema. Februari 1966 Waziri Mkuu Milton Obote aliisimamisha katiba. Tarehe 15 Aprili Bunge lilipitisha katiba nyingine ambayo wabunge walikuwa hawajaisoma. Waliambiwa kwamba nakala watazikuta katika visanduku vyao vya barua. Tarehe 24 Mei jeshi liliivamia kasri ya Kabaka Mutesa wa Pili huko Mengo, naye ndiye aliyekuwa Rais wa nchi mpaka miezi michache nyuma. Fikiria askari wa siku ile, aliyeapa kuitumikia Uganda. Uganda ilikuwa ipi, ya katiba iliyosimamishwa au ya katiba isiyosomwa? Hakuwa na njia ya kupima. Akamtazama aliyempa amri, akapiga risasi. Kuanzia hapo mwapishaji alikuwa amekalia kiti cha mwapiwa. Tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin, aliyeongoza uvamizi wa Mengo, alimpindua Obote kwa jeshi lilelile. Aliyefundisha jeshi kumtii mwenye amri badala ya sheria hakuwa na haki ya kushangaa lilipompata mwenye amri mwingine.

Hapa jambo hili linatugusa sisi walimu wa Kiswahili mahali panapouma. Kiswahili kilikuwa lugha ya Keya, kikabaki kuwa lugha ya kambi. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini wananchi wengi walikuwa wakikisikia katika vizuizi vya barabarani, katika maneno machache: simama, shuka, lala chini, toa. Wazazi wa wanafunzi wetu, wengine hadi leo, hukunja uso mtoto akileta daftari la Kiswahili nyumbani. Tumezoea kuwaambia kwamba lugha haina kosa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Lugha inayojua amri tu, isiyojua "tafadhali" wala "kwa nini", ni lugha iliyokatwa ulimi. Na askari aliyepewa lugha ya namna hiyo amenyimwa maneno ambayo kwayo angeweza kufikiri juu ya kiapo chake.

Ili tusidhani kwamba haya ni maradhi ya Afrika, tuitazame Ujerumani. Tarehe 2 Agosti 1934, siku aliyofariki Rais Hindenburg, wanajeshi wa nchi ile waliapishwa upya. Kiapo kilichotangulia kilitaja wananchi na nchi yao. Kipya kilimtaja Adolf Hitler kwa jina, na kudai utii usio na masharti. Baada ya vita, majenerali waliojua maovu yaliyotendeka walijitetea kwamba kiapo kiliwafunga mikono. Lakini Stauffenberg na wenzake, waliojaribu kumwua Hitler tarehe 20 Julai 1944 na kulipa kwa maisha yao, walikuwa wanajeshi wa kiapo hichohicho. Ujerumani Magharibi ilipounda jeshi jipya mwaka 1955, jina la mtu liliondolewa. Askari akaapa kuitumikia jamhuri na kutetea haki na uhuru wa wananchi. Sheria ya mwaka 1956 iliongeza kwamba askari hana hatia akikataa amri inayovunja utu wa mtu, na kwamba haimpasi kutii amri ya kutenda jinai. Taifa lile lilijifunza, kwa gharama ya mamilioni ya roho, kwamba kiapo kisicho na mpaka si kiapo, ni kujiuza.

Pengine msomaji atatupinga. Atasema: kila askari akianza kupima kila amri, jeshi litakuwa baraza la wazee, na adui atafika kabla mjadala haujaisha. Pingamizi hili lina uzito. Utii ni roho ya jeshi, na hatupendekezi uondolewe. Lakini tutenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya: utii na uaminifu. Utii ni wa amri. Uaminifu ni wa amana. Amana ni kitu ulichokabidhiwa na mwenyewe ili umtunzie, naye ana haki ya kukikuta salama. Askari amekabidhiwa silaha na wananchi, waliojinyima ili zinunuliwe. Katika siku mia, utii na uaminifu hutembea pamoja siku tisini na tisa, na askari hana haja ya kuchagua. Siku moja hutengana. Kiapo hakikutungwa kwa ajili ya zile tisini na tisa, kwa kuwa siku hizo mshahara na gwaride vinatosha. Kilitungwa kwa ajili ya siku moja ile.

Katiba yetu ya mwaka 1995 imejaribu kuliweka hili katika maandishi. Kifungu cha 208 kinasema kwamba jeshi litakuwa la kitaifa, lisilopendelea chama, lenye nidhamu, na lililo chini ya mamlaka ya kiraia. Ni maneno mazuri, na hatuna haja ya kudai kwamba yametimia yote. Katiba hiyohiyo ilipopitishwa, watu wa kaskazini walikuwa bado wamekaa kati ya waasi na wanajeshi, na wanayo ya kusimulia juu ya pande zote mbili. Lakini liko jambo jingine katika katiba hiyo ambalo halitajwi sana. Kifungu cha 3 kinasema kwamba kila raia ana haki na wajibu wa kuilinda katiba wakati wote. Maana yake ni kwamba ncha ya pili ya kamba imekabidhiwa mkononi mwetu. Mwapiwa si kivuli tena, ni sisi. Nasi tukiwa hatuijui katiba, hatuisomi, tukiridhika kuikuta katika visanduku vya barua, basi tusimlaumu askari asiyejua alimwapia nani.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Tulimwita baada ya siku chache, tukamwambia hivi. Babu yako hakuwa mwaminifu mara tatu, wala msaliti mara mbili. Aliapishwa mara tatu na wapishaji watatu, na kila mmoja alimtaka aamini kwamba chakula ni chake. Lakini watu aliowekewa kuwalinda walikuwa walewale siku zote: mama zake, majirani zake, na watu wa makabila asiyoyajua lugha. Hao hawakubadilika bendera ilipobadilika. Usiulize aliapa mara ngapi. Uliza kama, katika kila zamu yake, kulikuwa na mtu aliyelala salama kwa sababu yeye alikuwa macho.

Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba bibi yake alipata kumsimulia jambo moja: usiku fulani, katika miaka ile mibaya, babu alirudi kambini akiwa amewaacha watu wapite kizuizini bila kuwagusa, naye akaadhibiwa kwa hilo. Hakuwahi kulisema mwenyewe; alidhani ni doa katika utumishi wake.

Tuliandika ubaoni kitenzi kingine, "amini", tukamwomba akinyambue.